Mkono Chini ya Blanketi

Kiharusi kilipomwangusha Fundi Bulaimu, kilimnyang'anya maneno yote kikamwachia moja tu. Umuulize ameamkaje, atasema Alhamdulillahi. Umuulize anataka maji au chai, Alhamdulillahi. Mkanyage mguu kwa bahati mbaya, utapata Alhamdulillahi ileile, tena kwa sauti yake ya zamani, safi, isiyokwama popote. Akijaribu neno jingine, hata jina la mke wake, hutoka mkoromo mtupu na mate pembeni mwa mdomo. Ephraïm, muganga wa kituo cha afya, alikwisha kueleza kwamba lile ni neno ambalo ulimi ulilizoea tangu utotoni, na linaweza kutoka lenyewe bila mwenyewe kulituma. Wapi! Nani alikuwa na haja ya maelezo ya muganga? Watu wa mtaa wa Kasuku walikuwa na maelezo yao.

"Angalia imani ya muntu!" walisema. "Sisi jino likiuma kidogo tunatukana mpaka jirani. Huyu upande muzima umekufa, na bado anashukuru."

Basi wakawa wanakuja. Wanakaa kwenye mkeka, wanamuuliza, "Fundi, unaendelea aje?", si kwamba wanataka kujua anaendeleaje, wanataka kulisikia lile neno. Wakilisikia wanatikisa vichwa, wengine wanafuta macho, halafu wanawageukia watoto wao: mumesikia? Kuna mmoja alimnasa kwa simu, mate na yote, awatumie ndugu zake kule Pangi wapate mafundisho. Fundi Bulaimu, ambaye enzi zake asingetoka hata kwenda kununua uzi bila kanzu iliyopigwa pasi, aliitazama ile simu mpaka ilipoteremshwa.

Mwanahamisi, mke wake, ndiye aliyekuwa akiwamiminia chai. Na tuseme ukweli, sifa zile alizipenda. Ungemlaumu? Kutwa kucha alikuwa akimgeuza mume ubavu kwa ubavu, akimsafisha kama mtoto mchanga, akifua mashuka ambayo hakutaka majirani wayaone yakianikwa. Mtu aliyebakiwa na kidogo hukishika kwa mikono miwili. Akiambiwa, "Mama, umeolewa na walii," alikuwa anainamisha kichwa na kulala vizuri siku ile.

Asubuhi moja alikuja Bernadette, mwalimu wa shule ya jirani, kuchukua vitenge vyake. Alikuwa ameviacha kabla ya kiharusi, vishonwe kwa ajili ya arusi ya mdogo wake. Alizungumza na Mwanahamisi mlangoni kwa sauti ya chini, lakini nyumba yenyewe ilikuwa chumba na sebule, utamficha nani nini?

"Ningengojea, mama. Lakini arusi haingojei."

"Ndiyo, mutoto wangu. Chukua tu."

Mounira, binti yao, alivitoa chini ya mashini ya kushona iliyofunikwa kwa shuka pale pembeni. Vilikuwa vimekwisha kupigwa chaki. Mistari myeupe ya mkono wa Bulaimu ilionekana wazi, mabega, kiuno, kola, imenyooka kana kwamba imechorwa kwa rula, na kumbe hakutumia rula maisha yake yote. Bernadette alipita na kile kifurushi mbele ya kitanda, akaona haya, akasimama.

"Utapona, Fundi. Nguo ya Noeli nitakuletea wewe mwenyewe."

"Alhamdulillahi," alisema Bulaimu.

Mwalimu akatoka amefarijika. Alipokwisha kufunga mlango, machozi yalianza kumtoka Bulaimu, mengi, bila sauti, yakiingia masikioni kwa vile alikuwa amelala chali. Mounira alichukua kitambaa akayapangusa.

"Usiogope, mama. Muganga alisema wagonjwa wa kiharusi wanalia ovyo. Wengine wanacheka hata kwenye kilio. Ni ubongo."

"Ee, najua. Njo ugonjwa, ni ugonjwa tu," alijibu Mwanahamisi, akaenda kuchagua mchele.

Na ndivyo ilivyokuwa kwa kila kitu. Halali usiku? Njo ugonjwa. Anautazama ukuta tangu asubuhi mpaka jioni, uso umekufa ganzi? Ugonjwa. Hataki kula? Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Mkono uliokufa ulikuwa wa kuume, ule uliokata, uliopima, uliokula. Uliobaki hai ni wa kushoto, na kila mtu aliyelelewa vizuri anajua wa kushoto ni wa kazi gani chooni. Mara ya kwanza Mwanahamisi alipomwekea sahani karibu na ule mkono, wageni wakiwapo, Bulaimu aliuingiza chini ya blanketi na hakuutoa tena mbele ya watu. Tangu siku ile alilishwa kwa kijiko, na kijiko kilikuwa kinarudi nusu.

*

Ephraïm alifika Jumatatu, baada ya alasiri, na pikipiki yake yenye matope mpaka kwenye taa. Alikuwa kijana mpole, mwenye macho ya mtu aliyekula mara moja tangu jana.

"Mama Mwanahamisi, nimekuja na neno zuri," alisema. "Iko daktari mumoja ametoka Kisangani, wa mambo ya ubongo. Anajua kitu hiki: muntu akipigwa na kiharusi, saa zingine na roho inapigwa. Inaanguka kabisa. Na hiyo iko na dawa yake, iko na namna ya kuisaidia. Lakini wagonjwa ni wengi na yeye ni mumoja, Ijumaa anaruka na ndege. Ataona tu wale ambao sisi tumewauliza maulizo na tumeona roho yao iko chini."

"Roho ya Fundi?" alicheka Imamu Soudi.

Imamu alikuwa amekaa kwenye kiti pekee cha nyumba ile. Alikuwa rafiki wa Bulaimu tangu chuo cha Kurani, na kanzu aliyoivaa ilishonwa na mkono uliolala pale juu ya blanketi. Pembeni walikuwapo wazee watatu na mama mmoja jirani.

"Muganga, roho ya huyu ikiwa chini, basi zetu ziko kaburini," alisema Imamu. Wakacheka wote, kwa upendo kabisa.

Ephraïm alitabasamu kwa adabu. "Ningeomba kidogo tubakie peke yetu na mugonjwa."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na hakuna aliyeona yakiharibika. Maana utamtoaje nje Imamu aliyekuja kumtazama mgonjwa? Mgeni wa mgonjwa hafukuzwi. Mwanahamisi aliona uso unamchemka kwa haya kwa niaba ya muganga.

"Uliza tu, mwanangu," alisema haraka. "Hawa ni ndugu. Hapa hatufichani."

Ephraïm aliutazama mlango, akautazama mkeka uliojaa watu, akashusha pumzi. Nyumba nyingine zilikuwa zinamngoja.

"Bon. Kwa sababu hawezi kusema, atajibu na mkono. Mkono ule unaotembea. Nikiuliza, kama ni ndiyo, ananibana mara moja. Kama ni hapana, anaacha. Umesikia, Fundi? Nipe mkono."

Bulaimu hakusogeza kitu. Mkono wa kushoto, ampe mgeni, mbele ya Imamu? Ephraïm alinyoosha kiganja, kikabaki hewani. Mmoja wa wazee alikohoa.

"Hawezi kukupa huo, muganga," Mwanahamisi alimnong'oneza. "Anaona haya."

"Basi wewe. Umushike chini ya blanketi. Akikubana, unaniambia."

Mwanahamisi akaketi ukingoni mwa kitanda, akapenyeza mkono wake chini ya blanketi mpaka akaupata ule wa mume wake. Ulikuwa wa moto, mkavu, na ulimshika mara moja. Kwa muda mrefu hawakuwa wameshikana hivi. Alikuwa akimshika kila siku kumwosha, kumgeuza, kumvisha, lakini kushikwa yeye, hapana.

"Unakosa usingizi?"

Mkono ulibana. "Anasema ndiyo," alisema Mwanahamisi.

"Hamu ya kula imepotea?"

"Ndiyo."

"Mwili unachoka, hata bila kazi?"

"Ndiyo."

Ephraïm alikuna kidevu. "Sasa haya, shida yake ni moja. Kiharusi peke yake kinayaleta. Siwezi kujua kama ni mwili ao ni roho. Twende kwa ile ya ndani. Fundi, unajiona muntu asiyefaa? Muzigo kwa watu wako?"

Mkono ulibana. Tena haukubana kama mwanzo, ulibana kwa kucha. Mwanahamisi alifungua mdomo. Imamu Soudi alikuwa anamtazama akitabasamu, na wale wazee, na jirani yule mwenye mdomo ambaye kabla ya magaribi angekuwa amekwisha kulifikisha mpaka kivukoni. Mzigo? Yaani aseme kwamba katika nyumba hii, mikononi mwake yeye Mwanahamisi, mume anajiona mzigo?

"Hapana," alisema. "Anajua tunamupenda."

"Mashallah," alisema Imamu.

Bulaimu alimgeuzia macho mke wake. Mkono wake haukuachia.

"La mwisho. Na munisamehe, wazee, kazi inataka niulize." Ephraïm aliinama karibu na mto. "Fundi, unawaza kwamba afazali ufe?"

"Astaghfirullah!" alimaka mzee mmoja. "Unauliza Muislamu vile?"

Chini ya blanketi mkono ulimbana Mwanahamisi mpaka pete ya ndoa ikamwingia kwenye kidole. Mara moja, kama walivyokubaliana. Lakini haukuachia baada ya hapo. Uliendelea kubana, kwa nguvu ambayo yeye hakujua kwamba bado imo ndani ya mwili ule. Alikuwa anaongea naye. Tangu kiharusi hakuwa amesema naye jambo hata moja, na sasa alikuwa anamwambia, wewe, Mwanahamisi, wewe peke yako, sema.

Chumba kizima kilikuwa kinamngoja.

"Hapana," alisema Mwanahamisi. "Hata kidogo. Mume wangu anamuogopa Mungu."

Mkono ulilegea. Haukuchomoka, ulilegea tu palepale ndani ya wake. Bulaimu akageuza uso ukutani.

"Alhamdulillahi," alisema.

Watu walipumua, wengine wakaitikia kwa sauti. Ephraïm akasimama, akamshika Mwanahamisi bega. "Ni vizuri, mama. Ni mwili tu unagonjwa. Endelea kumuchua mguu." Akawasha pikipiki yake akaenda zake. Na Imamu Soudi alisema kwamba Ijumaa, Mungu akipenda, hotuba yake itakuwa juu ya subira, na kila mtu atajua anamsema nani.

*

Alhamisi mchana Mounira alipika wali na sombe ya majani ya muhogo, na samaki mdogo wa mto Lualaba aliyepewa na jirani. Siku hiyo hakukuwa na mgeni. Mwanahamisi alimwinua mume wake, akamwegemeza kwenye mito, akaweka sahani kwenye mapaja yake. Kwa mara ya kwanza Bulaimu alitoa mkono wa kushoto nje ya blanketi kwa hiari yake. Mwanahamisi akafurahi, akamwita Mounira aje aone, naye akaja akaketi ukingoni mwa kitanda.

Bulaimu aliisukuma sahani. Hakuisukuma kwa hasira. Aliisukuma polepole, kwa uangalifu, samaki asianguke, mpaka ikamfikia Mounira magotini. Halafu akajipapasa tumbo, mara mbili.

"Alhamdulillahi," alisema.

Mwanahamisi alisimama pale na kijiko mkononi. Alikuwa amekiona kitendo hiki. Alikiona miaka ya vita, mji umezingirwa, hakuna atokaye kwenda shambani wala aingiaye na chumvi, watu wanachemsha majani ambayo hata mbuzi waliyaacha. Mounira alikuwa hajaanza kutembea vizuri, kichwa kikubwa, shingo kama bua. Kila jioni Bulaimu aliisukuma sahani yake hivihivi mpaka magotini mwa mtoto, akajipapasa tumbo mara mbili. Nimekula kwa Soudi, Alhamdulillahi, nimeshiba. Hakuwa amekula kwa Soudi. Soudi mwenyewe alikuwa hana kitu. Baada ya miezi, Bulaimu alianguka juu ya mashini yake akiwashonea askari suruali, ndipo mke akajua kwamba mume wake alikuwa anajitoa kidogo kidogo, ili wengine wabaki.

"Kula, mwanangu," alimwambia Mounira. "Hapana. Usile. Rudisha. Mupe baba yako."

"Mama, amekataa. Njo ugonjwa..."

"Siyo ugonjwa! Unanisikia? Siyo ugonjwa!"

Mounira hakuwahi kumsikia mama yake akipiga kelele. Akaiweka sahani chini, akatoka nje. Mwanahamisi aliketi ukingoni mwa kitanda, akauchukua ule mkono wa kushoto, hapo mwangani, juu ya blanketi, akauweka kati ya viganja vyake.

"Bulaimu. Baba Mounira. Nilisema uongo. Ulinibana, nilisikia, nikasema uongo kwa sababu ya watu. Nisamehe. Sasa niambie mimi, hakuna mutu hapa. Unataka kutuacha?"

Mkono ulikuwa wa moto vilevile, na ulikuwa hai. Ulilala tu.

"Nibane. Hata kwa hasira. Nibane basi, mume wangu."

Alingoja mpaka wali ukapoa. Bulaimu alikuwa anamtazama, wala si kwa chuki, ingekuwa chuki angefarijika. Alimtazama jinsi alivyokuwa akiwatazama wateja aliokwisha kufunga hesabu nao.

*

Ijumaa, mapema, alikuwa kwenye kituo cha afya kabla ya mfagiaji. Ephraïm alipotokea, alimweleza yote, palepale kwenye veranda, wagonjwa wengine wakisikia, na haya hakuiona tena ilipokwenda.

"Mama!" Ephraïm alijishika kichwa. "Mama, kwa nini?"

"Ungekuwa wewe, mbele ya pasta wako, ungesema mama yako anataka kufa?"

Ephraïm akaingia kuchukua mfuko wake. Alimpakia kwenye pikipiki wakaenda. Safari hii kila kitu kilifanywa inavyotakiwa. Mounira alisimama mlangoni asiingize mtu. Ephraïm alipiga magoti kando ya kitanda, akaomba mkono, na Mwanahamisi mwenyewe akautoa chini ya blanketi akauweka kwenye kiganja chake.

"Fundi, nisamehe mimi. Nilikuuliza vibaya, mbele ya watu. Leo tuko wenyewe. Unawaza kufa?"

Bulaimu aliuchomoa mkono wake taratibu, akaurudisha chini ya blanketi, akajifunika mpaka kifuani.

"Alhamdulillahi."

Muganga alirudia kwa njia moja, akarudia kwa njia ya pili. Akabaki amepiga magoti. "Sasa mimi nimwambie daktari nini?"

"Mwambie ninavyokuambia mimi."

"Jumatatu pia ni wewe ulinijibu, mama," alisema Ephraïm, na mara akajuta kulisema. Akatoka nje na simu. Mwanahamisi alimwona dirishani akitembea huku na huku, akieleza kwa Kifaransa, akinyoosha mkono kana kwamba daktari anamwona. Alirudi ameinamisha uso.

"Iko tayari kwenye uwanja wa ndege. Amesikitika sana. Anasema musimuache peke yake, mumuzungumuzie, na akirudi atamuona wa kwanza."

"Anarudi lini?"

"Hajui, mama."

Adhuhuri, sauti ya kipaza cha msikiti ililetwa na upepo mpaka ndani ya nyumba. Imamu Soudi alikuwa anahubiri juu ya subira. Alimtaja Fundi Bulaimu kwa jina, na sauti ikamkatika, akalia kwenye kipaza. Bulaimu alilala anasikiliza. Mwanahamisi alikwenda kufunga dirisha, lakini lilikuwa dirisha lisilo na ubao.

*

Alijaribu. Mungu ni shahidi, alijaribu. Aliwaambia wageni wasije, wakanuna, wakasema ameanza kuringa na walii wake. Alimpelekea Imamu habari yote, na Imamu akamsikiliza mpaka mwisho, akamshika mkono kwa huruma akasema: dada, uchovu unakusemesha, pumzika. Alimfunulia Bulaimu mashini yake aione, akaifunika tena kwa vile aliona inamuumiza zaidi. Alimwimbia. Alimtukana. Kijiko kiliendelea kurudi, kwanza nusu, kisha chote, na siku moja meno yalikutana na hayakufunguka. Ephraïm alimwekea maji ya mshipa, na Bulaimu alikuwa akingoja mtu atoke chumbani, anaung'oa mpira kwa ule mkono wake wa kushoto.

Alikufa mchana, watu wakiwa sokoni, Mwanahamisi akiwa amemshika. Mpaka mwisho alikuwa amemshika, akingoja kubanwa.

Kilio kilijaa mpaka barabarani. Sanda ilikatwa na mafundi wenzake, na kila mmoja alitaka angalau mshono mmoja uwe wake. Imamu Soudi alisimama katika kanzu ileile, akawaambia watu kwamba wamezika mja aliyeishi na neno moja la shukrani, akafa nalo, na kila mwenye masikio ni shahidi. Nao wakashuhudia kwa sauti kubwa. Ephraïm alikuwa amesimama nyuma kabisa, kofia mkononi, hakuitikia.

Ndani, Mwanahamisi alikalishwa kwenye mkeka, ameegemea ukuta, kitenge kizito juu ya magoti, tayari kwa eda. Wanawake walikuwa wamemzunguka bega kwa bega. Mounira alikaa ubavuni mwake na mkono wake ulipenya chini ya kitenge ukautafuta wa mama yake, ukaupata.

"Mama," aliuliza yule jirani, akiinama kwa huruma ya kweli, "unajisikia aje? Uko na nguvu?"

Wanawake wote wakasogea wasikie mke wa walii atasema nini.

Mwanahamisi aliubana mkono wa binti yake. Aliubana kwa nguvu zote zilizobaki, kwa kucha, bila kuachia, mpaka Mounira akashtuka na kumgeukia.

"Alhamdulillahi," alisema Mwanahamisi.

Mounira alimtazama mama yake. Akawatazama wanawake waliokuwa wanangoja, na vidole vyake vinauma chini ya kitenge.

"Mama iko muzuri," aliwaambia. "Ni uchovu tu."